Thorbecke wa Uholanzi: aliijenga demokrasia vipi, ilhali wapigakura wake walikuwa wachache kiasi kile?

Mwanafunzi wa Sheria

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Nasoma mwaka wa tatu wa sheria, na muhula huu tuna somo la katiba linganishi. Wiki iliyopita mhadhiri wetu alimtaja Johan Rudolf Thorbecke, Mholanzi aliyezaliwa Zwolle mwaka 1798 na kufariki The Hague mwaka 1872, akasema kwamba huyu ndiye aliyeijenga demokrasia ya nchi yake. Nilipokwenda kusoma mwenyewe nilikwama. Chini ya katiba ya 1848, ambayo ndiyo iliyompa jina, aliyeruhusiwa kupiga kura ni mwanamume aliyelipa kodi ya moja kwa moja iliyofikia kiwango cha mahali pake, na viwango hivyo vilikuwa kati ya gilda 20 na 160. Waliotimiza sharti hilo walikuwa takriban 80,000 katika nchi ya watu milioni tatu. Kwa hesabu ya kawaida hiyo si demokrasia. Ni klabu ya wenye mali.

Jambo la pili linanitatiza zaidi. Vitabu vinasema kwamba Mfalme Willem II, aliyekuwa amepinga mageuzi kwa miaka, aligeuka katika siku moja ya Machi 1848 baada ya kusikia habari za mapinduzi ya Paris, na kwamba yeye mwenyewe alikiri mbele ya mabalozi kuwa katika muda wa saa 24 ametoka kuwa mhafidhina kabisa na kuwa mliberali kabisa. Kama ni hivyo, sifa ni ya Thorbecke au ni ya hofu ya mfalme? Naomba wenye ujuzi wanisaidie, kwa maana nina insha ya kuandika na sitaki kurudia tu maneno ya mhadhiri.

Msomaji wa Katiba

Ndugu Mwanafunzi, swali lako ni zuri, ila nadhani umeanzia kwenye kura wakati mambo haya yalianzia kwenye fedha.

Uholanzi iliyoundwa mwaka 1815 ilikuwa na bunge, tena lenye mabaraza mawili, lakini Willem I aliiendesha nchi kama mfanyabiashara anavyoendesha duka lake. Mawaziri walikuwa watumishi wake yeye, si watu wanaolijibu bunge, na mambo mengi yaliamuliwa kwa amri ya kifalme bila kupita bungeni. Matumizi ya kawaida ya serikali yalipitishwa kwa miaka kumi kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1822 mfalme akaanzisha mfuko maalumu wa kushughulikia deni la taifa, na hesabu za mfuko huo zilifichwa hata kwa wabunge. Ubelgiji ilipojitenga mwaka 1830, mfalme akaendelea kwa miaka tisa kulipia jeshi kwa matumaini ya kuirudisha, na ulipofika mwaka 1839 ukubwa wa deni ukafichuka. Hata wabunge wapole, waliokuwa wamezoea kuitikia tu, waliikataa bajeti. Katiba ikarekebishwa kidogo mwaka 1840, na mwezi Oktoba mwaka huohuo mfalme akajiuzulu na kumwachia mwanawe, huyo Willem II uliyemtaja.

Sasa mtazame Thorbecke katika miaka hiyo, maana watu wengi humdhania kuwa alizaliwa mliberali. Hakuzaliwa hivyo. Alitoka katika familia ya Kilutheri yenye asili ya Kijerumani, baba yake akiwa mtu wa biashara ya tumbaku ambayo ilianguka, na masomo yake aliyapata kwa kubanabana. Baada ya kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1820 alizunguka vyuo vya Ujerumani kwa miaka kadhaa, na huko akajifunza kuitazama sheria kama kitu kinachokua na historia ya watu wake, si kama kanuni zinazoshushwa kutoka juu. Mwaka 1825 akapewa uprofesa Ghent, katika Ubelgiji ya leo. Mapinduzi ya Ubelgiji yalimfukuza huko mwaka 1830, na katika maandishi yake ya wakati huo alikuwa upande wa mfalme, dhidi ya Wabelgiji. Kilichombadilisha si mapinduzi bali ni kazi yake ya kufundisha: akiwa profesa Leiden tangu mwaka 1831, aliichambua katiba ya nchi yake kifungu kwa kifungu, na mwaka 1839 akachapisha maelezo yake juu ya katiba hiyo. Toleo la pili, lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1840, lilikuwa kali zaidi kuliko la kwanza. Ni kama fundi aliyeitwa kuisifu nyumba, akaanza kugonga kuta moja moja na kusikia zinavyolia.

Mwezi Desemba 1844, yeye na wabunge wengine wanane walipeleka bungeni hoja ya kuibadilisha katiba yote. Mwaka 1845 Baraza la Pili, yaani baraza la chini la bunge, liliitupa kwa kura 34 dhidi ya 21. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Willem II alipoogopa, hakuwa na rasimu yoyote mkononi, na mawaziri wake wenyewe hawakujua anachokifanya, kwani alimwita Spika wa Baraza la Pili tarehe 13 Machi bila kuwashauri. Tarehe 17 Machi akateua tume ya watu watano, Thorbecke akiwa mwenyekiti, na tume ikatoa ripoti yake tarehe 11 Aprili. Hesabu mwenyewe: hazikufika wiki nne. Hakuna tume inayoandika katiba ya nchi kwa wiki nne isipokuwa mtu mmoja ndani yake ameshaiandika zamani. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hofu ya mfalme ilikuwa nafuu ya Thorbecke, lakini mzigo alikuwa ameubeba mwenyewe kwa miaka minane.

Na kilichomo ndani ya katiba hiyo, iliyotangazwa tarehe 3 Novemba 1848, ndicho cha kuangalia kabla ya kuhesabu wapigakura. Mfalme haguswi, mawaziri ndio wanaowajibika. Bajeti inapitishwa kila mwaka. Baraza la Pili linachaguliwa moja kwa moja na wapigakura, linaweza kuifanyia marekebisho miswada ya serikali na linaweza kuchunguza jambo lolote. Serikali nayo inaweza kulivunja bunge na kuwaendea wapigakura. Watu wana uhuru wa kuunda vyama na kukutana. Kabla ya hapo mbunge alikuwa na hiari ya kusema ndiyo au hapana juu ya muswada mzima, basi.

Niongeze jambo dogo ambalo hunifurahisha: huyu aliyeiandika katiba hakupewa uwaziri katika serikali ya kwanza iliyoundwa mwaka 1848. Hawakumpenda, na hakuwa mtu wa kupendeka, kwa maana alikuwa mkavu, mwenye majibu mafupi na asiye na marafiki wengi bungeni. Aliingia serikalini Novemba 1849 tu, wakati Willem II ameshafariki na mwanawe Willem III, ambaye hakuipenda katiba wala mtu aliyeiandika, hakuwa na njia nyingine. Bungeni walipomtaka aeleze mpango wa serikali yake, aliwaambia wasubiri matendo.

Mkazi wa Utrecht

Salamu kutoka huku, ndugu zangu. Nimeishi Uholanzi kwa miaka kumi na miwili na ningependa kuongeza yale ambayo mtu huyaona mitaani.

Matendo aliyoyaahidi Thorbecke mwaka 1849 yapo hadi leo. Sheria ya Uchaguzi na Sheria ya Mikoa zilipitishwa mwaka 1850, na Sheria ya Manispaa mwaka 1851, na ni hii ya mwisho ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko katiba yenyewe. Kabla yake miji ilikuwa na sheria zake na vijiji vilikuwa na zao, na halmashauri nyingi zilikuwa mali ya familia chache zilizorithishana viti. Thorbecke akaweka sheria moja kwa Amsterdam na kwa kijiji cha wakulima wachache katikati ya malisho: halmashauri ichaguliwe na wapigakura, halmashauri hiyo iwachague miongoni mwake wasaidizi wa meya, na meya mwenyewe ateuliwe na Taji, yaani mfalme pamoja na mawaziri wake, kwa miaka sita. Sheria hiyo, pamoja na viraka vyake, ilidumu mpaka ilipobadilishwa kwa sheria mpya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waholanzi mpaka leo husema "nyumba ya Thorbecke" wakimaanisha ghorofa tatu za serikali, yaani dola, mkoa na manispaa.

Nilipofika huku nilishangaa sana kusikia kwamba meya wa mji wangu hakuchaguliwa na mtu. Nilidhani nimeelewa vibaya kwa sababu ya lugha. Kumbe ndivyo ilivyo mpaka sasa: halmashauri hupendekeza, na uteuzi hutoka kwa Taji. Kwa hiyo Mwanafunzi, ukitafuta demokrasia ya kura peke yake kwa Thorbecke utakosa, na huku hutaipata yote hata leo.

Kisa cha mwaka 1853 nacho usikiache katika insha yako, kwa kuwa kinaonyesha mtu huyu alipoteza nini kwa kushikilia kanuni. Katiba ya 1848 iliyapa makanisa yote haki ya kujipanga yenyewe. Papa Pius IX akaitumia haki hiyo na mwezi Machi 1853 akarudisha maaskofu wa Kikatoliki Uholanzi, ambako hawakuwapo tangu enzi ya Mageuzi ya Kidini, na makao ya askofu mkuu akayaweka hapahapa Utrecht, mji ambao Waprotestanti waliuona kuwa ngome yao. Ghasia za maneno zikaenea nchi nzima. Watu wapatao 200,000 walitia saini maombi ya kumtaka mfalme awazuie maaskofu, idadi ambayo ni zaidi ya mara mbili ya wapigakura wote wa nchi. Willem III alipopokea maombi hayo Amsterdam mwezi Aprili, alijibu kwa namna iliyoonyesha kwamba moyo wake uko na waombaji na si na mawaziri wake. Thorbecke akajiuzulu pamoja na serikali yake.

Yeye alikuwa Mlutheri, hakuwa na faida yoyote katika maaskofu wa Kikatoliki. Angeweza kusema maneno mawili matatu ya kuwaridhisha watu na kubaki madarakani. Maaskofu walibaki, yeye akaondoka, na alikaa nje ya serikali kwa karibu miaka tisa, ingawa bungeni hakutoka.

Mwalimu Mstaafu

Wajukuu zangu, nami nimefundisha fizikia kwa miaka thelathini na moja, hivyo mniwie radhi nikilivutia swali hili upande wangu.

Thorbecke aliporudi serikalini mwaka 1862, alitunga sheria ya elimu ya sekondari iliyopitishwa mwaka 1863. Sheria hiyo ilianzisha shule ya aina mpya, iliyojulikana kwa herufi HBS, yenye miaka mitano ya hisabati, fizikia, kemia na lugha za kisasa, bila Kilatini wala Kigiriki. Iliwalenga watoto wa wafanyabiashara na mafundi ambao hawakukusudiwa kwenda chuo kikuu. Basi tazameni waliopita humo: Lorentz, Zeeman, van 't Hoff na Kamerlingh Onnes, wote walipata Tuzo ya Nobel, na wote walikuwa wanafunzi wa shule hizo. Lorentz ilibidi ajifunze lugha za kale kwa kujitegemea ili aruhusiwe kuingia Leiden. Nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki bila kumtaja mwanasiasa aliyekianzisha, kwa sababu sikumjua. Leo nimemjua.

Serikali hiyohiyo ilianza mfereji wa kuiunganisha Amsterdam na Bahari ya Kaskazini na njia mpya ya maji ya Rotterdam, na mwaka 1865 ikaweka sheria za kusimamia kazi ya utabibu. Sheria hizo za utabibu ndizo alizokutana nazo binti mmoja wa daktari wa kijiji cha Sappemeer, Aletta Jacobs. Mwaka 1871 alimwandikia Thorbecke, ambaye wakati huo alikuwa waziri tena, akiomba kuingia Chuo Kikuu cha Groningen kusomea udaktari. Waziri hakumjibu binti, alimjibu baba yake, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na akamruhusu ahudhurie mihadhara kwa mwaka mmoja wa majaribio. Ruhusa ya kufanya mitihani ilitolewa mwishoni mwa Mei 1872, na Thorbecke alifariki tarehe 4 Juni, angali waziri. Mwaka 1879 Aletta Jacobs akapata udaktari wake, mwanamke wa kwanza Mholanzi kufanya hivyo.

Mtafiti wa Makoloni

Nimesoma majibu yote kwa heshima, ila naona jambo moja limepitwa kimyakimya. Nyumba ya Thorbecke ilikuwa na ghorofa tatu, lakini ilisimama juu ya ardhi ya Java, kisiwa cha Indonesia ya leo kilichokuwa koloni la Uholanzi.

Tangu mwaka 1830 wakulima wa Java walilazimishwa kutenga sehemu ya mashamba na nguvu zao kwa ajili ya kahawa, miwa na nili ya kuuzwa Ulaya na serikali ya Uholanzi. Katika miaka ya 1850 faida ya mfumo huo ilikaribia theluthi moja ya mapato ya hazina. Deni lile ambalo Msomaji wa Katiba amesema lilimwangusha Willem I lilipunguzwa kwa fedha hizo, na reli zilijengwa kwa fedha hizo. Katiba ya 1848 ililipa bunge mlango mdogo tu wa kuingilia, yaani ripoti ya kila mwaka juu ya makoloni na sharti kwamba kanuni kuu za utawala wa huko zitungwe kwa sheria. Mpaka mwaka 1864 ndipo ikapitishwa sheria kwamba bajeti ya makoloni ya Mashariki iamuliwe na bunge, na aliyeipigania ni Waziri wa Makoloni, Fransen van de Putte. Huyu na Thorbecke waligombana baadaye, na serikali ikavunjika Februari 1866 kwa sababu ya swali la kama sheria ya jinai ya makoloni hayo ya Mashariki itungwe na bunge au kwa amri ya mfalme. Hapo Thorbecke alikuwa upande wa bunge, na ni haki kumpa sifa hiyo. Lakini lilikuwa bunge la The Hague. Mtu wa Java hakuwamo kwa namna yoyote.

Vivyo hivyo kwa utumwa. Sheria ya kuufuta Surinam na visiwa vya Karibi ilipitishwa Agosti 1862, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1863, katika serikali yake. Kwa kila mtu aliyeachwa huru Surinam, mmiliki alilipwa gilda 300. Aliyeachwa huru hakulipwa kitu, na wengi wao walilazimika kufanya kazi kwa mikataba chini ya uangalizi wa serikali kwa miaka kumi zaidi. Wasomaji wa Zanzibar wataitambua hesabu hii, maana amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa huko nayo iliwafikiria wenye watumwa kabla ya watumwa.

Kwa hiyo insha ikisema kwamba Thorbecke alijenga utawala wa kuwajibika, niulize: kuwajibika kwa nani?

Mwanafunzi wa Sheria

Nawashukuru sana nyote, na Mwalimu shikamoo. Nimeona kosa langu la kuanzia kwenye kura. Hata hivyo, Ndugu Msomaji, bado nina shaka moja. Kifungu cha kusema mawaziri wanawajibika ni maandishi tu. Willem III alimwangusha Thorbecke mwaka 1853 kwa jibu moja la hadharani. Ni nani aliyeyafanya maandishi hayo yawe na meno?

Msomaji wa Katiba

Marahaba kwa swali, na Mtafiti ameuliza ambalo mimi nilipaswa kulisema. Sina la kumpinga.

Meno yaliota kati ya 1866 na 1868, Thorbecke akiwa mbunge wa kawaida. Serikali ya wahafidhina ilimpeleka waziri wake wa makoloni, Mijer, kuwa Gavana Mkuu wa makoloni ya Mashariki baada ya kukaa uwaziri kwa muda mfupi tu, Baraza la Pili likalaani, mfalme akalivunja. Mwaka uliofuata Baraza jipya likaikataa bajeti ya mambo ya nje kwa sababu ya namna serikali ilivyoshughulikia suala la Luxembourg, likavunjwa tena. Uchaguzi uliofuata ulileta wabunge walioikataa bajeti hiyo kwa mara nyingine, na mwaka 1868 serikali ikaondoka. Aliyeombwa kuunda serikali mpya ni Thorbecke, naye akaiunda bila kujiweka ndani. Tangu hapo hakuna serikali ya Uholanzi iliyojaribu kubaki madarakani kwa kumtegemea mfalme dhidi ya bunge. Hakuna kifungu kipya kilichoandikwa. Wapigakura walewale wachache unaowaita klabu ya wenye mali ndio waliomshinda mfalme.

Kuhusu uchache wao, mwaka 1844 Thorbecke aliandika makala juu ya uraia wa zama zake, akasema wazi kwamba mwelekeo wa karne hiyo ni kura kwa wote, na akaona vilevile kwamba tofauti za mali kati ya watu zinaizuia haki hiyo isitimie. Aliiona njia nzima, akatembea robo yake, akasimama. Waliberali waliokuwa vijana alipokuwa mzee walimlaumu kwa hilo, na sidhani walimwonea.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mjukuu wangu. Nina sahihisho moja kabla hujaiwasilisha insha. Umeandika kwamba sheria ilimruhusu mwanamume. Sheria haikusema mwanamume. Ilisema Mholanzi mtu mzima anayelipa kodi kiasi fulani, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba itahitajika kusema zaidi. Mwaka 1883, Aletta Jacobs, ambaye sasa alikuwa daktari Amsterdam na kodi yake imefikia kiwango, alidai jina lake liingizwe katika orodha ya wapigakura. Akakataliwa, akapeleka shauri mpaka Mahakama Kuu ya nchi, akashindwa huko pia. Katiba iliporekebishwa mwaka 1887, neno "mwanamume" ndipo likaongezwa.